Oveni ya gesi isiyopata moto: Tafuta tatizo kuanzia mtungini

NI saa nane mchana, siku moja kabla ya sherehe. Unga umekwisha kuchanganywa, mayai yamepigwa na trei imepakwa siagi. Oveni imewashwa tangu nusu saa iliyopita. Keki inaingizwa, dakika 40 zinapita, na mlango unapofunguliwa kinachoonekana ni uji uliotuama katikati na ukingo uliokauka. Mwenye nyumba anaongeza moto, anasubiri, anachungulia tena. Hadi jioni keki imeungua chini, juu imepauka, na katikati bado ni mbichi.

Kwa familia ya kawaida hiyo ni hasara ya mayai na siagi. Kwa mama anayeoka keki za kuuza ni oda iliyopotea na pengine mteja asiyerudi tena. Hata hivyo, iko hasara nyingine iliyo kubwa kuliko hizo. Mtu aliyechoka kusubiri huanza kuchokonoa: hulegeza nati asiyoijua kazi yake, au huwasha kiberiti kwa mara ya tano ndani ya oveni ambayo tayari imejaa gesi.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuingia katika mkasa huo, ingawa bila mlipuko. Oveni ilipoanza kuchelewesha mikate, aliitwa fundi ambaye, bila kutazama nyuma ya jiko, alitamka kwamba themostati imekufa. Alileta nyingine, akaifunga, akalipwa, akaondoka. Keki iliyofuata ikawa sawa na ile ya kwanza. Wiki moja baadaye jiko lilivutwa mbele ili kufagia, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba mpira wa gesi ulikuwa umekunjika kati ya ukuta na ukingo wa jiko, ukabanwa hadi kuwa bapa. Jiko lilikuwa limesukumwa nyuma kupisha nafasi siku ya wageni. Mpira ulibadilishwa, kwa kuwa pale ulipojikunja ulikuwa umeanza kupasuka, na oveni ikarudia hali yake ya zamani siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa yeyote mwenye tatizo hili ni kutoianza oveni ndani ya oveni. Gesi ina safari yake: hutoka mtungini, hupita kwenye regileta, mpira, bomba lililo nyuma ya jiko, vali iliyo nyuma ya nobu, kisha tundu dogo la nozeli, ikachanganyika na hewa na kuwaka kwenye bana iliyo chini ya sakafu ya oveni. Anayeifuata safari hiyo kwa utaratibu kutoka mwanzo hukutana na matatizo ya bei nafuu kabla ya yale ya gharama.

Suala hili litazidi kuwahusu wengi. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Majiko ya gesi yanaingia katika nyumba ambazo hadi juzi zilipika kwa mkaa, na yale makubwa yenye meko manne huja na oveni chini yake, lakini mara nyingi bila mtu wa kumweleza mwenye nyumba namna inavyofanya kazi.

Mtungi, regileta na mpira

Kosa linalofanywa na wengi ni kuwasha jiko moja la juu, kuona moto mzuri wa buluu, na kuhitimisha kwamba gesi ipo ya kutosha. Jiko moja dogo halihitaji gesi nyingi, na tena hutumika kwa dakika chache. Bana ya oveni ya kawaida ya nyumbani ina nguvu ya takriban kilowati 2, nayo hula kiasi cha gramu 150 za gesi kwa saa, mfululizo, kwa saa nzima au mbili. Udhaifu ambao jiko la juu huuficha, oveni huufichua.

Jaribio la kwanza, basi, ni hili. Washa oveni kwa moto mkubwa, na ikishashika tazama ukubwa wa moto wake. Kisha washa meko mawili au matatu ya juu, nayo kwa moto mkubwa. Ikiwa moto wa oveni unanywea kila unapofungua jiko jingine, tatizo haliko ndani ya oveni. Liko mtungini, kwenye regileta au kwenye mpira, na hakuna themostati mpya itakayolitibu. Ikiwa meko yote ya juu yanawaka kwa nguvu na oveni peke yake ndiyo dhaifu, hapo una haki ya kuitilia shaka oveni yenyewe.

Mtungi unaokaribia kwisha hutoa gesi hafifu. Kuutikisa si kipimo cha kuaminika. Kila mtungi umegongwa chapa inayoonyesha uzito wake ukiwa mtupu. Upandishe kwenye mizani, utoe uzito huo, na kinachobaki ndicho gesi yako. Mitungi midogo ya kilo 6 ina udhaifu mwingine usiojulikana sana. Gesi iliyomo ndani imo katika hali ya kimiminika, na ili igeuke kuwa hewa inahitaji kunyonya joto kutoka kwenye kuta za mtungi. Oveni na meko matatu yakiwaka pamoja kwa muda mrefu, mtungi mdogo hupoa kiasi cha kutoka jasho nje, na gesi hupungua nguvu hata kama bado ipo. Hali hii huonekana zaidi sehemu za baridi kama Njombe, Mbeya na Limuru, hasa alfajiri. Anayeoka mara kwa mara atapata nafuu kubwa kwa kutumia mtungi wa kilo 15, au wa kilo 13 kwa wasomaji wetu wa Kenya. Asijaribu kamwe kuupasha mtungi moto wala kuulaza ubavu ili kukamua gesi iliyobaki. Mtungi uliolazwa hutoa kimiminika badala ya hewa, na hilo ni jambo la hatari.

Regileta ndiyo inayoishusha nguvu ya gesi kutoka ile kubwa ya mtungini hadi ile ndogo inayohitajika jikoni, ambayo kwa majiko mengi ya nyumbani ni milibari 28 hadi 30. Kiwango hicho huandikwa kwenye regileta yenyewe na pia kwenye kibandiko kilicho nyuma ya jiko, na viwango viwili hivyo sharti vioane. Regileta iliyozeeka, au iliyoingiwa na mafuta machafu ya mtungini, hupitisha gesi kidogo. Haina haja ya kufunguliwa wala kutengenezwa, hubadilishwa. Wapo wanaodhani wataongeza joto kwa kufunga regileta ya msukumo mkubwa, ile yenye bomba la kuzungusha inayotumiwa na mama lishe kwenye majiko makubwa ya chuma. Jiko la nyumbani halikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Moto hurukaruka na kuachana na bana, maungio huvuja, na nyumba huwa hatarini.

Kuhusu mpira hakuna mengi ya kuongeza zaidi ya mkasa uliokwisha kusimuliwa. Usijikunje, usiguse mgongo wa oveni ambako joto ni kali, na usiwe mrefu kupita mahitaji. Mipira mizuri huandikwa mwaka wa kutengenezwa au wa kuacha kutumika, na anayeununua aangalie. Maungio yake hupimwa kwa povu la sabuni: paka, fungua gesi, tazama kama mapovu yanatokea na kukua. Kupima kwa kiberiti ni desturi ambayo bado inaonekana mitaani, na ingefaa ikomeshwe.

Soma moto wenyewe

Gesi ikishafika vizuri, shahidi wa pili ni mwali. Katika oveni nyingi bana imefichwa chini ya bamba la chuma linaloitwa sakafu ya oveni. Bamba hilo hutolewa kwa kulegeza skrubu mbili, au kwa kuliinua tu, oveni ikiwa imezimwa na imepoa kabisa. Ukishalitoa, washa na utazame.

Moto wenye afya ni wa buluu, umetulia, na unatoka katika kila tundu la bana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiona sehemu haina moto, matundu ya hapo yameziba kwa kutu, mafuta au makombo, na hiyo ndiyo sababu keki zako huiva upande mmoja. Mswaki mkavu na uvumilivu hutosha kuyasafisha, gesi ikiwa imefungwa mtungini.

Moto wa njano wenye ncha ndefu zinazolambalamba unasema jambo jingine: gesi ipo lakini hewa haitoshi. Gesi ya mtungini inahitaji hewa nyingi mno ili iungue sawasawa, kiasi cha mara 24 ya ujazo wake kwa propeni na zaidi ya mara 30 kwa buteni. Isipoipata, hutoa joto pungufu na kuacha masizi meusi. Mbaya zaidi, hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwanafamilia mmoja akiumwa kichwa huenda ni uchovu. Wawili au watatu wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja kila oveni inapowashwa, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, oveni izimwe, madirisha yafunguliwe, na isiwashwe tena mpaka ikaguliwe. Waliovuta hewa hiyo waende hospitali hata kama wanajiona wamepona. Kwa sababu hiyo hiyo, oveni isigeuzwe kuwa chombo cha kupasha chumba joto wakati wa baridi.

Wakazi wa pwani wasishtuke wakiona vimeta vya rangi ya chungwa vinavyopita haraka ndani ya moto wa buluu. Chumvi iliyo katika upepo wa bahari, na wakati mwingine vumbi tu la kufagia, huupaka moto rangi hiyo. Tofauti iko kwenye masizi: kama chini ya trei hakuna weusi, hakuna tatizo.

Hewa hukosekana kwa sababu nyingi, na nyingine tunazitengeneza wenyewe. Ya kwanza ni kutandika foili kwenye sakafu ya oveni ili isichafuke. Ile foili huziba nafasi ambazo hewa na joto hupitia, na katika oveni za gesi ni kosa kubwa. Ya pili ni wadudu. Jiko lililokaa stoo miezi kadhaa, au lililosafirishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, mara nyingi hukutwa na utando wa buibui au udongo wa nyigu ndani ya mrija ambamo gesi na hewa huchanganyika. Mende nao hawako mbali. Kitu kidogo kama utando kinatosha kugeuza moto kuwa wa njano, au kuurudisha nyuma ukawaka mahali pasipostahili.

Hapa inafaa kuonya kuhusu sindano. Wengi wetu tulikulia kwenye nyumba zenye stovu ya pampu ya mafuta ya taa, na tulijua kwamba moto ukififia dawa yake ni kuchoma tundu kwa ule waya mwembamba uliokuja na stovu. Mkono umezoea, na jiko la gesi likiwa dhaifu, mkono huenda moja kwa moja kwenye pini. Nozeli ya oveni ni shaba laini, na tundu lake limepimwa kwa sehemu za mia za milimita. Namba iliyogongwa ubavuni, kwa mfano 75, maana yake ni milimita 0.75. Pini ikilipanua kidogo tu, gesi hupita kwa wingi kuliko hewa iliyopo na moto wa njano huanza. Nozeli hutolewa kwa spana, hulowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni, hupulizwa, hukaushwa na kurudishwa. Kama haijazibuka, hununuliwa nyingine yenye namba ile ile.

Moto unazimika ukiachia nobu

Lalamiko linalosikika sana ni kwamba oveni huwaka vizuri nobu ikiwa imebonyezwa, lakini mara tu mkono unapoachia, moto hufa. Wengine huiacha hali hiyo iendelee kwa kukwamisha nobu kwa kijiti au kuifunga kwa mpira wa manila. Ni muhimu wajue wanachokizuia.

Ndani ya oveni, ncha yake ikiwa imeguswa na moto, kuna kijiti kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita themokapo. Kimeunganishwa kwa metali mbili tofauti, na kikipata joto huzalisha umeme mdogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi. Umeme huo huishika sumaku iliyo ndani ya vali na kuiacha gesi ipite. Moto ukizimika kwa upepo au kwa chakula kilichofurika, kijiti hupoa, sumaku huachia, na springi huifunga gesi. Ni mlinzi. Anayekwamisha nobu amemfunga mlinzi kamba, na siku moto utakapozimika gesi itaendelea kumwagika ndani ya nyumba iliyolala.

Tiba yake mara nyingi haina gharama. Kwanza, bonyeza nobu kwa sekunde 10 hadi 15 baada ya moto kushika, wala si sekunde 3. Kijiti kinahitaji muda wa kupata joto. Pili, hakikisha ncha yake imo ndani ya mwali, kwani husogea kwa urahisi wakati wa kusafisha. Tatu, oveni ikiwa imepoa, isugue ncha hiyo taratibu kwa msasa laini kuondoa masizi. Nne, nati inayoukaza waya wake nyuma ya vali huenda imelegea. Yote hayo yakishindikana, kijiti chenyewe kimechoka na hubadilishwa; ni kipuri kidogo kinachopatikana kwenye maduka mengi ya vipuri vya majiko, ilimradi uende na kile cha zamani mkononi ili urefu na nati vilingane.

Neno la tahadhari kuhusu kuwasha. Mlango wa oveni uwe wazi kabla ya kuifungua gesi, kiberiti kiwe tayari kinawaka, na isiposhika ndani ya sekunde 15, funga, acha mlango wazi, na usubiri dakika kadhaa. Gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, ndani ya oveni na sakafuni, ikisubiri cheche.

Themostati, na kile kisichokuwepo

Ikiwa gesi inafika, moto ni wa buluu na haufi, lakini joto bado si lile linalotakiwa, ndipo sasa zamu ya themostati ifike. Lakini kwanza ujue kama unayo. Oveni nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika masoko yetu hazina themostati. Nobu yake ina alama ya moto mkubwa na moto mdogo tu, na joto linasimamiwa na mpishi mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya bibi yake aliyepalia makaa juu ya kifuniko cha mkate wa kumimina. Yeye alijua wakati wa kupunguza makaa ya juu na wakati wa kuongeza ya chini. Oveni ya namna hiyo si mbovu, inahitaji kuzoewa.

Yenye themostati hutambulika kwa namba za nyuzi zilizoandikwa kwenye nobu, na kwa kijirija chembamba cha shaba kinachoingia ndani ya oveni na kuishia kwenye kitu mfano wa penseli, kilichobanwa ukutani. Ndani ya penseli hiyo kuna kimiminika. Joto likipanda hutanuka, husukuma vali, na moto hupungua. Ikiwa imechomoka kwenye kibanio na kulalia mahali penye joto kali, itadhani oveni imekwisha kuiva na kuupunguza moto mapema. Ikiwa imefunikwa na mafuta mazito, itachelewa kuhisi na chakula kitaungua. Ikiwa kijirija kimepinda hadi kukatika na kimiminika kimetoka, themostati nzima hubadilishwa, na kwa kuwa imebeba pia njia ya gesi, kazi hiyo ni ya fundi.

Kabla ya kumwita, pima. Kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni ni kitu kidogo na anayeoka kwa biashara hana sababu ya kukosa. Kiweke katikati, elekeza nobu kwenye nyuzi 180, subiri dakika 20, kisha soma mara tatu au nne kwa kupishana dakika 5, maana joto la oveni hupanda na kushuka kidogo muda wote. Likikosea kwa nyuzi 10 au 15 na kosa likawa lile lile siku zote, usitengeneze chochote. Andika kwenye karatasi, bandika jikoni, na urekebishe kwa kuzungusha nobu zaidi. Asiye na kipimajoto atumie sukari. Sukari nyeupe huyeyuka kwenye takriban nyuzi 186. Kijiko kimoja juu ya foili ndani ya kibakuli cha chuma, kikikaa dakika 15 kwenye nyuzi 175, kinapaswa kubaki chenga. Kwenye nyuzi 190 kinapaswa kuyeyuka. Ikiyeyuka kwenye 175 oveni ina joto kupita kiasi, na isipoyeyuka kwenye 190 ni pungufu.

Baadhi ya oveni zinazodhaniwa mbovu ni nzima kabisa. Mapishi ya vitabu vya Marekani huandikwa kwa Farenhaiti, ambapo 350 ni sawa na nyuzi 177 zetu za Selsiasi. Vitabu vya zamani vya Uingereza hutumia namba za gesi: namba 4 ni 180, namba 6 ni 200. Trei pana inayogusa kuta zote mbili huzuia joto kupanda, hivyo chini kunaungua na juu kunabaki kupauka. Mlango nao hupoteza joto. Bana kipande cha karatasi mlangoni, kivute, na kama kinatoka bila ukinzani upande mmoja, mpira wa mlango au bawaba imechoka. Isipokuwa matundu ya kutolea hewa yaliyo nyuma au juu, hayo yasizibwe kwa kisingizio chochote.

Jiko la gesi nyingine, jiko la nchi nyingine

Kundi moja la matatizo halitokani na uchakavu. Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, zikiwemo za Mikocheni, zimeunganishwa na gesi asilia inayopita kwenye mabomba. Gesi hiyo, inayotoka Songo Songo mkoani Lindi na Mnazi Bay mkoani Mtwara, si ile ya mtungini. Ujazo wake mmoja una joto chini ya nusu ya lile la propeni, na huletwa jikoni kwa msukumo mdogo zaidi, kwa kawaida milibari 20. Jiko lenye nozeli za mtungi likiunganishwa na bomba hilo litawaka kwa unyonge na oveni haitapata joto. Kinyume chake, jiko lenye nozeli za gesi asilia likifungwa mtungini litatoa moto mkubwa wa njano wenye masizi. Majiko mengi huuzwa na pakiti ndogo ya nozeli za ziada, na pakiti hiyo haifai kutupwa pamoja na boksi.

Wasomaji walioko Marekani na Kanada watakuta oveni zao zinafanya kazi tofauti. Nyingi hazina themokapo. Zina kiwashio cha umeme kinachong'aa kama kaa. Kiwashio hicho kikizeeka huendelea kung'aa lakini hakipitishi tena umeme wa kutosha, takriban ampia 3, kuifungua vali, na hivyo oveni huchelewa kuwaka au haiwaki kabisa. Kiking'aa zaidi ya sekunde 90 bila moto kutokea, kwa kawaida ndicho kibovu. Na anayefikiria kulipakia jiko hilo kwenye kontena kulileta nyumbani akumbuke kwamba limetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na huenda kwa gesi asilia. Atahitaji transfoma na nozeli mpya, na fundi anayelijua, ambaye si rahisi kumpata.

Mahali pa kumwachia fundi

Mwenye nyumba anaweza, bila wasiwasi, kupima mtungi, kubadilisha regileta na mpira, kusafisha bana, kusugua themokapo na kupima joto. Asifungue vali, asikate bomba la nyuma ya jiko, asizibe mvujo kwa gundi au sabuni ya kipande. Akisikia harufu ya gesi, ile inayofanana na kitunguu kilichooza na ambayo huwekwa makusudi ili tuigundue, afunge mtungi, afungue milango na madirisha, na asiguse swichi yoyote ya umeme, iwe ya kuwasha au ya kuzima, mpaka harufu itoke.

Fundi akija, mweleze ulichokwisha kukagua na matokeo yake. Fundi mzuri atafurahi na asiye mzuri atajulikana. Akisema kipuri kimekufa, mwombe akuonyeshe kimekufaje, na cha zamani kibaki kwako. Kabla hajafunga mfuko wake wa vifaa, mwombe apake povu la sabuni kwenye kila ungio alilogusa, gesi ikiwa imefunguliwa, nawe ukiwa umesimama hapo unatazama. Kisha jiko lirudishwe ukutani taratibu, mtu mmoja akiwa nyuma anauangalia mpira.